Siku Baraza Lilipovaa Nyeusi

Seva yetu ya kwanza iliuawa na maji ya baraka. Nasema hivyo bila chuki, maana ni mimi niliyemwalika padri aje aibariki, na ni mimi niliyeacha kifuniko wazi ili baraka ifike ndani. Padri wetu wa wakati ule alikuwa mkarimu wa maji. Alichovya, akarusha, akachovya tena, na aliporusha mara ya tatu tukasikia mlio mdogo kama wa panya aliyekanyagwa, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua. Padri alimaliza sala yake mpaka "Amina", kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, kisha akaniuliza, "Katekista, hii ni kawaida?" Nikamjibu kwamba kwa binadamu si kitu, ila kwa umeme si kawaida. Tangu siku hiyo mapadri wote hubariki mashine zangu wakiwa mlangoni, kifuniko kikiwa kimekazwa kwa skrubu nne.

Seva si kitu cha ajabu. Ni kompyuta isiyozimwa, inayotunza kila neno ambalo watu wameandika na kumpelekea yeyote anayefungua ukurasa kwa simu yake, awe amekaa kijijini Kwapa akipukuchua mahindi au amekwama na lori foleni ya mpakani tangu juzi. Yangu ilikaa nyumbani kwangu Tororo, upande wa Uganda, katika chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa ghala la nafaka. Hata leo ukisogeza meza utaona punje za mtama sakafuni. Mimi nilikuwa fundi wa redio kwa kujipatia chakula na katekista kwa wito, na nilipostaafu nikajikuta mlinzi wa baraza la mtandaoni la watu wa mpakani. Sikuliomba. Nilitengeneza ukurasa mdogo ili wanakwaya wasigombane kuhusu saa za mazoezi, na kabla sijageuka, wenye malori, wauza samaki na wakulima wa pande zote mbili walikuwa wamehamia humo na magomvi yao.

Nimefundisha dini kwa miaka mingi, na ninamshukuru Mungu kwa kila mwanafunzi aliyesinzia, maana huyo angalau hakubisha. Barazani hakuna anayesinzia. Watu wanaulizana foleni ikoje, mahindi yanapokelewa au yanarudishwa, mbuzi mweusi mwenye sikio moja ameonekana wapi. Kuna mchimbaji wa Tiira ambaye kila mwezi hutangaza kwamba safari hii ameifikia dhahabu yenyewe, na kila mwezi, siku mbili baadaye, anaomba lifti ya kurudi nyumbani. Mabishano ya mpira sitayaeleza. Niliyafuta sana, na kwa kila tusi nililofuta nilisali sala fupi kwa aliyeliandika. Mke wangu alisema kwa mwendo huo nitawamaliza watakatifu wote na mpira utabaki palepale.

Lakini kulikuwa na sheria moja ambayo hata wenye malori waliiheshimu. Huku kwetu mtu akifa kijijini, hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe. Unaweza kuwa na magugu yanayokufika kiunoni, lakini utakaa. Niliona si vizuri baraza liendelee kubishana bei ya dagaa wakati mwenzetu yuko kwenye sanduku, kwa hiyo nikatengeneza kitufe. Mwanabaraza akifariki, mimi niliandika jina lake juu ya ukurasa, kisha nikabonyeza. Ukurasa mzima uligeuka mweusi na hakuna aliyeweza kuandika neno mpaka mazishi yaishe. Mke wangu alikiita kitufe cha matanga. Baada ya mazishi nilikibonyeza tena, nikaweka picha ya marehemu kwenye ukurasa wake, na watu wakaandika pole chini yake. Kwa familia nyingi, picha ile ndiyo pekee waliyokuwa nayo.

Sasa nieleze habari ya Haji, kwa sababu bila yeye lawama yote ingekuwa yangu. Haji ni rafiki yangu wa zaidi ya miaka thelathini, anauza matairi Busia, upande wa Kenya. Yeye husema mimi nitaingia peponi kwa makosa ya karani. Mimi humwambia nikishaingia nitamwachia mlango wa nyuma. Katika stoo ya duka lake, katikati ya matairi ya lori, ilikaa mashine ya pili. Kila Jumamosi mashine yangu iliipelekea ile ya Haji nakala ya baraza zima, ili nyumba yangu ikiungua, au padri mwingine akija na ndoo, maneno ya watu yabaki. Kila Jumamosi jioni Haji alinipigia simu na kusema, "Imefika, Katekista." Nami nilijibu, "Mungu ashukuriwe." Kwa miaka saba hatukukosa Jumamosi hata moja. Na kwa miaka saba hakuna kati yetu aliyefungua ile nakala kuangalia ni nini hasa kilichofika.

Diski ya seva yangu ilikuwa imezeeka. Nilijua. Mashine mpya ilikuwa imeshaletwa kwa mchango wa wanabaraza, ikakaa ndani ya boksi lake chini ya picha ya Moyo Mtakatifu tangu kabla ya Kwaresima. Pasaka ikapita. Pentekoste ikapita. Nilikuwa nasubiri wakati unaofaa. Subira ni kipaji nilichojaliwa, ingawa mke wangu hukiita kwa jina jingine.

Kila Jumanne, akishauza mihogo yake sokoni, alipita kwetu mama mmoja mzee kutoka Mwello. Hana simu na hataki kuwa nayo. Alikuja kumsalimia mwanawe wa mwisho, aliyekuwa utingo wa lori na aliyefariki kwa homa safarini. Mwana yule hakupenda kupigwa picha. Kitambulisho chake kilizikwa naye, kwenye mfuko wa shati, kwa sababu ya haraka ya watu. Ilibaki picha moja tu, ambayo dereva wake alikuwa ameipiga kwa simu na kuileta barazani: amesimama kando ya tairi, amemkumbatia jogoo kwapani, anacheka, ndevu zimetapakaa kama nyasi za mtaro. Dereva naye baadaye aliibiwa ile simu. Niliwahi kumchapishia mama yule picha kwenye karatasi, mara mbili. Ya kwanza ililiwa na mchwa. Ya pili ilinyeshewa mpaka ikabaki jogoo peke yake. Basi akasema karatasi haifai, atakuwa anakuja. Kulikuwa pia na chai, na sidhani kwamba chai haikuwa na sehemu katika uamuzi wake.

Jumanne moja alikaa kwenye kiti chake, nikafungua ukurasa wa mwanawe. Diski ikaanza kukoroma. Ikaja anga, ikaja sehemu ya tairi, likaja paji la uso, yakaja macho. Kisha picha ikasimama. Tukangoja. Diski ilikuwa ikikwaruza kama mtu anayekuna ukoko wa ugali kwenye sufuria.

"Mbona leo nachungulia?" mama akauliza.

"Mashine imechoka, Mama."

"Sasa ndevu iko wapi?"

"Iko ndani. Bado haijatoka."

Alitazama yale macho mawili kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Wewe usipoteze huyu mtu," akasema. "Mara moja inatosha."

Nikamwambia akirudi Jumanne atamkuta mzima, na ndevu zake zote. Niliahidi kwanza, nikafikiri baadaye. Lakini sikuwa na wasiwasi mkubwa, kwa kuwa nilikuwa na nakala zaidi ya mia tatu za Jumamosi. Alipoondoka nikampigia Haji.

"Haji, fungua nakala, unitafutie picha moja."

"Subiri nivae miwani." Nikamsikia akihamisha tairi. "Haya. Maneno yapo. Matusi yapo, mashallah, hata yale uliyokuwa unajidai umeyafuta."

"Na picha?"

"Picha hakuna."

"Tazama kwenye folda ya picha."

"Folda ipo, Katekista. Ndani ni tupu kama msikiti saa ya fainali."

"Miaka saba, Haji! Kila Jumamosi unaniambia imefika!"

"Na ilifika! Mimi ulinipa kazi ya kupokea. Kutuma ni kwako."

Alisema kweli. Miaka saba nyuma nilihamisha picha zote kutoka folda moja kwenda nyingine ili nipate nafasi, na programu ya kutuma sikuiambia. Nayo, kwa utiifu ambao sijauona kwa mwanafunzi yeyote, ikaendelea kwenda kila Jumamosi kwenye nyumba iliyohamwa, ikikuta hakuna mtu, na kuripoti kwamba wote hawajambo. Picha zote za marehemu wetu zilikuwa mahali pamoja duniani, na mahali penyewe palikuwa panakwaruza.

Sikulala vizuri, lakini hilo ni jambo langu na Mungu. Kesho yake, saa mbili asubuhi, nikatoa mashine mpya ndani ya boksi. Kulikuwa na programu ya kunakili diski zinazokufa, niliyoipenda tangu siku ya kwanza kwa tabia yake: ikikuta sehemu mbovu haikati tamaa, inaruka, inaendelea na zilizo nzima, kisha inarudi kwa ile mbovu kujaribu tena na tena. Wachungaji wangejifunza hapo. Ilihitaji mambo mawili tu. Kwanza, mtu yeyote asiandike kitu barazani wakati kazi inaendelea, maana itakuwa kama kuhesabu kuku wanaokimbia. Pili, ile diski kuukuu isizimwe hata kidogo. Diski ya umri ule ikisimama ikiwa moto, huenda isizunguke tena.

La pili nililikabidhi kwa umeme wa serikali na kwa lile sanduku la betri linaloushikilia ukikatika. La kwanza lilikuwa rahisi. Nilikuwa na kitufe kimoja tu cha kuzuia watu wasiandike. Nikakibonyeza. Ukurasa ukawa mweusi. Sikuandika jina, kwa sababu hakuna aliyekufa. Kisha nikazima simu yangu nisisumbuliwe, nikawasha programu, nikakaa na rozari na kikombe cha chai. Mke wangu alikuwa ameshakwenda sokoni. Kulikuwa na utulivu mzuri sana.

Saa tatu na nusu jirani yangu, mwenye mashine ya kusaga unga, aliingia uani na viti sita vya plastiki kichwani. Kwetu ukimwona mtu na viti asubuhi hivyo, unajua.

"Pole sana," nikamwambia kupitia dirishani. "Ni nani amefariki?"

Akasimama. Viti vikayumba.

"Wewe," akasema.

"Mimi?"

"Ukurasa ni nyeusi. Jina hakuna. Jina siku zote unaandika wewe. Sasa kama jina haikuandikwa, ni nani amekufa? Tena tunapiga simu yako, haishiki."

Nilitafuta kosa katika hesabu yake, sikulipata. Nimesoma teolojia kidogo, na baadhi ya hoja nilizofundishwa hazikukaa imara hivyo.

"Sasa unaona niko hai," nikasema. "Rudisha viti."

"Viti nimeshabeba. Wacha vikae kidogo." Akavipanga kivulini, akakalia kimoja.

Nikawasha simu. Ililia kama ng'ombe aliyekatazwa maji. Nilitamani kufungua ukurasa niwaambie watu kwamba ninapumua, lakini nikiufungua, wote wataandika kwa pamoja, na kazi ya asubuhi itavurugika. Nikampigia Haji atangaze upande wake. Hakupokea. Baadaye nilijua hakupokea kwa sababu alikuwa ndani ya pikapu, njiani kuja kunizika, analia.

Kufikia saa tano uani kulikuwa na kuni, sufuria mbili kubwa, turubai, na kundi la waendesha bodaboda waliokuja kusindikiza jeneza kwa honi. Kila aliyeingia nilimtokea mlangoni, nikamwambia siyo mimi. Wengine walifurahi kwa dhati. Wengine nilihisi wamevunjika moyo kidogo, hasa akina mama waliokuwa wameshaosha mchele. Hakuna aliyeondoka. Akaja pia fundi wa muziki, mwanamume mzima mwenye kofia ya ngozi, na jenereta yake na spika mbili ndefu kuliko mimi, maana matanga ya siku hizi bila spika watu huona marehemu hakupendwa.

"Nani alikuita?" nikamuuliza.

"Hakuna. Mtu mkubwa akikufa mimi nakuja tu."

Nilikiri moyoni kwamba nimefarijika na neno "mkubwa", na nikaomba msamaha kwa hilo papo hapo.

Kisha nikasikia kilio kutoka barabarani. Kilikuwa kilio cha kweli, cha kifuani, kile kinachoanza mbali na kuongezeka nguvu kadiri anayelia anavyokaribia nyumba. Mama wa Mwello, aliyeletewa habari na mwendesha bodaboda, alishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama, akapita katikati ya watu mikono ikiwa kichwani, akajitupa chini mbele ya mlango wangu. Alijitupa karibu kabisa na viatu vyangu. Akavitazama. Akapanda na macho polepole mpaka kwenye kikombe.

"Mimi nalia mtu tangu Mwello," akasema akiwa bado chini, "kumbe mtu nakunywa chai!"

"Nisamehe, Mama. Ni kosa langu."

"Nani alikuruhusu kufa? Wewe si ulisema Jumanne?" Nikamshika mkono, akainuka na kujipangusa vumbi. "Na mtoto yangu iko wapi?"

Nikampeleka chumbani. Nikamwonyesha mashine kuukuu na mpya, kebo katikati yao, na mstari unaotembea polepole kwenye kioo. Nikamwambia mwanawe yuko ndani ya hii, anahamia kwenye hii, na kwamba hii kuukuu ikizimwa kabla hajavuka, basi.

"Amevuka?"

"Bado. Diski imekwama mahali pabovu. Inajaribu."

Akavuta kigoda, akakaa. Alikuwa hajamaliza kukaa wakati feni ya dari ilipopunguza mwendo, na redio ya jirani ikanyamaza, na friji jikoni ikakohoa na kutulia. Umeme ulikuwa umekatika. Sanduku la betri likaanza kulia: pii, pii, pii. Lilikuwa la kuvumilia dakika ishirini, kama kwenye karatasi yake walisema kweli.

Nitasema ukweli, sala yangu ya kwanza haikuwa na adabu. Nilimuuliza Mungu kama hana kazi nyingine. Kisha nikasikia, kutoka uani, mvumo wa jenereta ukiamka, na wimbo wa maombolezo ukaanza kutikisa mabati.

Nilitoka mbio ambazo magoti yangu bado yananidai. Fundi wa muziki alikuwa anarekebisha kofia yake.

"Nipe waya mmoja," nikamwambia. "Nina mashine ndani, inakufa."

"Mzee, jenereta hii ni ndogo. Besi ikipiga, umeme inaruka. Itachoma mashine yako."

"Basi zima muziki."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo. "Matanga bila muziki?"

Kabla sijajibu, mama wa Mwello alikuwa ameshanipita. Aliinama kwenye jenereta, akafuata waya wa spika kwa vidole mpaka mwisho wake, akauchomoa. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Uani pakawa kimya, isipokuwa pii, pii, pii kutoka ndani.

"Mama!" fundi akasema.

"Maiti yako nakunywa chai," akamwambia. "Muziki ya nini? Lete waya."

Akauleta. Tukaupitisha dirishani, tukaunganisha, na sanduku la betri likaacha kulia. Diski kuukuu ilikuwa bado inazunguka. Mama akarudi kwenye kigoda, akakisogeza ukutani, akaweka plagi na soketi ya ule waya mapajani mwake na kuvishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kifaranga. Alikaa hivyo saa zote zilizofuata. Mtu mmoja alikuja na chaja ya simu, akitaka kuomba nafasi kidogo tu. Mama alimtazama, na yule mtu akaenda zake. Padri wetu mpya naye alifika na kitabu cha maziko kwapani, akaomba aniombee nikiwa hai. Mama akamwambia aniombee kutoka mlangoni, na wala hakuna aliyemfundisha sheria hiyo.

Haji alipofika, macho mekundu na kanzu imekunjamana, nilikuwa nimesimama chini ya turubai nikigawa sahani. Alinikumbatia, akanisukuma, akanikumbatia tena.

"Nimevuka mpaka nikilia mpaka askari wa mpakani akanipa kitambaa! Nimeandika hotuba kurasa tatu!"

"Itunze. Utaihitaji."

"Siwezi. Kufikia hapo hasira zitakuwa zimepoa." Akapanda juu ya kiti, akaisoma yote. Alisema nilikuwa mtu wa watu, mtu wa imani, na mtu wa subira, hasa kwa kazi zangu mwenyewe. Alisema mashine mpya ilikaa kwenye boksi mpaka buibui wakabatizwa. Watu walicheka vibaya sana kwa matanga. Mimi nilicheka pia, na nikamshukuru Mungu, maana si wengi wanaopewa kusikia yatakayosemwa na bado wana nafasi ya kujibu. Nilijibu. Nilieleza habari ya folda na nyumba iliyohamwa, na nikasema kosa ni langu. Haji akadakia kutoka kwenye kiti, "La kupokea ni langu! Miaka saba napokea bahasha bila kuchungulia!"

Mke wangu alirudi saa nane, kikapu mkononi, akawapita waombolezaji kama anapita foleni ya posho.

"Wameniambia sokoni kwamba mimi ni mjane," akasema. "Nikawaambia basi wacha nimalize kununua dagaa, hawezi kwenda mbali." Kisha akakaa ghafla kwenye kiti cha jirani, akavua kitambaa chake cha kichwa, akajifuta uso kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji. Nikaenda kukaa karibu naye.

Saa tisa jenereta ikaanza kukohoa. Mafuta. Sikuhitaji kuomba. Waendesha bodaboda waliokuja kunipigia honi walilaza pikipiki zao ubavu mmoja baada ya mwingine, wakanyonya petroli kwa mpira na kuitema kwenye dumu, wakapokezana kwa utani mpaka likajaa la kutosha. Mmoja wao aliniambia, "Mzee, hii ilikuwa ya kukupeleka makaburini. Ni ileile tu." Jenereta ikameza, ikatulia.

Saa kumi kasoro mstari ule ukafika mwisho. Programu iliandika kwamba sehemu chache mbovu zimeshindikana kabisa. Nikaizima mashine kuukuu, ikashuka sauti polepole, ikanyamaza. Nilijaribu kuiwasha tena kwa udadisi tu. Haikuitika, na haijaitika hadi leo. Nikawasha mpya. Watu walikuwa wamejaa mlangoni na dirishani, Haji amepanda juu ya boksi tupu. Baadaye tulihesabu picha tulizopoteza: mbuzi watatu, harusi moja, na picha yangu ya ukurasa wa mbele, ambayo hakuna aliyeilalamikia. Lakini wakati ule hatukujua nani amevuka na nani amebaki.

"Fungua yeye," mama akasema. Hakuwa ameachia ule waya.

Nikafungua. Ikaja anga. Likaja tairi. Likaja paji la uso, yakaja macho, na hapo, naapa, ikasimama kidogo, na mimi nikasimama nayo. Kisha ikashuka yote kwa mara moja, kama mtu aliyeacha kujificha: pua, meno yanayocheka, jogoo, na zile ndevu.

Mama akasogeza uso karibu na kioo. Akamtazama mwanawe kutoka juu hadi chini, akarudi juu.

"Hata leo hajanyoa," akasema. Akaweka waya sakafuni, taratibu, akaomba chai.